Mapembe ya Mgeni Asiyefika: Alama za Ajabu za Mombasa

Mwanzoni mwa Februari 1952 meli iitwayo Gothic ilikuwa imetia nanga Mombasa, ikimngoja binti wa mfalme. Elizabeth na mumewe Philip walikuwa wametua Nairobi tarehe 1 ya mwezi huo, kisha wakapanda hadi Sagana, chini ya Mlima Kenya. Mpango ulikuwa kwamba wakishapumzika bara wateremke pwani, waingie melini, washike njia ya Ceylon na Australia. Gavana, Sir Philip Mitchell, alikuwa ameshatangulia kuelekea Mombasa ili awahi kuwaaga. Mji nao ulikuwa umejikwatua. Barabara itokayo bandarini, enzi hizo ikiitwa Kilindini Road, ilikuwa imewekewa mapembe makubwa ya ndovu ya kuundwa, yamepinda kuelekeana juu ya njia, ili msafara wa kifalme upite chini yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Mfalme George VI akafariki dunia usingizini. Binti yake alikuwa Treetops, nyumba iliyojengwa juu ya mti kwenye msitu wa Aberdare, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Akaamka akiwa malkia, naye hajui. Habari zilipomfikia hapakuwa tena na safari ya pwani: jioni ileile aliruka kutoka Nanyuki, akapitia Entebbe, na kesho yake alikuwa London. Gothic iking'oa nanga, abiria wake hakuwamo.

Mapembe yakabaki. Vitabu vya watalii hupenda kuandika kwamba yanaadhimisha ziara ya Malkia mjini Mombasa mwaka 1952. Ziara hiyo haikuwapo. Aliyekuja kweli ni mdogo wake, Princess Margaret, Septemba 1956. Na kwa kuwa huyo naye ni mtoto wa George VI, mji haukuona haja ya kuuliza lango lilikuwa la nani hasa.

Ukiyapita ndani ya matatu huoni zaidi ya weupe unaokatiza dirishani. Bora uteremke. Nenda hadi kwenye shina la pembe moja, uligonge kwa kidole: ndani ni tupu. Ni bati la alumini, limekunjwa na kuungwa kipande kwa kipande, na ukilitazama kwa ubavu, maungio yanaonekana chini ya rangi. Yako manne, mawili juu ya kila njia ya barabara, na kwa mbali yanachora herufi M. Wako wanaoapa kwamba hiyo ni M ya Mombasa, imewekwa kwa makusudi. Mimi naona ni bahati tu; matao mawili yaliyosimama bega kwa bega hayana herufi nyingine ya kuandika.

Barabara yenyewe sasa inaitwa Moi Avenue. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, dunia ikitazama, kuonyesha kwamba biashara ile lazima ife. Kwa hiyo njia yenye jina la mtu aliyechoma pembe za kweli ndiyo inayotunza pembe za bandia mashuhuri kuliko zote Afrika Mashariki. Benki Kuu nayo haikuona tatizo: noti ya shilingi 50 ya miaka ya 1990 ilibeba mapembe haya mgongoni, pamoja na msafara wa ngamia. Pembe halisi, kwa upande wao, zilikuwa zimeujua mji huu zamani sana. Katika karne ya 19 Wakamba walizileta kutoka bara hadi nchi ya Wamijikenda, zikafika Mombasa, zikapakiwa majahazini kwenda Bara Hindi. Na njia hiyo haikufungwa kabisa. Juni 2014 zaidi ya tani mbili zilinaswa ndani ya ghala mjini humuhumu.

Nimetangulia na mapembe kwa sababu yanaonyesha tabia ya Mombasa inayosahauliwa na wanaoandika historia yake kwa kufuata Ngome ya Yesu na milango ya kuchonga ya Mji wa Kale. Alama zake za ajabu nyingi hazikudumu kwa kazi iliyozileta. Kazi ile iliisha, au haikuanza kabisa, na watu wakazipa kazi nyingine: za kukutania, za kushukia gari, za kuwekea nadhiri. Aliyejenga alikuwa na lake. Aliyepita hapo kila siku alikuwa na lake, na mara nyingi ni la huyu wa pili lililoshinda.

Chukua Kengeleni. Kila siku makanga wa matatu zinazovuka Daraja la Nyali hulitaja jina hilo mamia ya mara, na abiria hushuka, hupanda, hununua mahindi, huteta na mwenye tuktuk. Kando ya makutano hayo kuna kijengo kidogo chenye tao, na kengele ndani yake. Haina ukubwa wa kumshangaza mtu. Historia yake ndiyo kubwa.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshurutisha Sultan Barghash aizime biashara ya watumwa baharini. Frere mwenyewe alirudi mikono mitupu. Ni John Kirk, balozi wa Uingereza, aliyeupata mkataba Juni mwaka huo, manowari za Uingereza zikiwa tayari kuufunga mji. Lakini swali likabaki: watu wanaookolewa kutoka majahazini wapelekwe wapi? Chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kikanunua ardhi bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mwaka 1875 mchungaji William Salter Price alikuwa ameshaanza kupanga makazi. Yakaitwa Freretown, kwa heshima ya yule aliyeshindwa kuupata mkataba.

Waliotangulia kuishi pale hawakuwa wote wamekombolewa juzi. Kundi moja lilitoka Bara Hindi: Waafrika waliookolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa Bombay, wakafunzwa dini na ufundi katika kituo cha Nasik. Walirudi Afrika wakijua useremala, uhunzi na kusoma, wakizungumza Kihindustani na Kiingereza, na wenyeji wakawatazama kwa jicho la mshangao. Mmoja wao alikuwa Matthew Wellington, Myao aliyeuzwa utotoni. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliopelekwa kumfuata David Livingstone bara, na mzee huyo alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka uliofuata, Wellington alikuwa katika msafara uliobeba maiti yake iliyokaushwa hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi mingi. Alifariki Mombasa mwaka 1935. Yaani walikuwako waliozaliwa mjini humo ambao walimwona kwa macho yao mtu aliyemzika moyo Livingstone Zambia na kumfikisha mwili pwani.

Freretown haikulala salama. Watumwa wa mashamba ya pwani walikuwa wakitoroka na kukimbilia kwenye misheni, na wenye mali wa Mombasa waliona ni wizi wa mchana. Vitisho vya kuishambulia misheni na kuiteketeza vilirudi mara kwa mara. Kengele ile ilikuwa na kazi zake za kawaida za ibada na shule, lakini iliyoitia jina ni nyingine: kupigwa pale adui alipoonekana anakuja, ili watu wakimbie au wajikusanye. Leo haimkimbizi mtu. Inamwambia dereva mahali pa kusimama.

Katika Freretown hiyohiyo, Julai 1885, ilianza safari iliyozaa alama nyingine. Askofu James Hannington aliondoka na msafara mkubwa kuifuata Uganda kwa njia mpya ya kupitia Umasai, bila kujua kwamba Kabaka Mwanga aliwaogopa wageni waingiao kutokea mashariki. Mwezi Oktoba akauawa Busoga pamoja na wengi wa wafuasi wake. Aliyewarudisha walionusurika alikuwa William Jones, mtumwa wa zamani aliyesomea India, aliyepewa ushemasi na Hannington mwaka uleule. Waliingia Rabai mwanzoni mwa 1886 nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja la Biblia, Ikabodi: utukufu umeondoka.

Kumbukumbu ya Hannington ikajengwa kisiwani kati ya 1903 na 1905, palipo Nkrumah Road hivi leo. Mgeni asiyeijua hupita akidhani ni msikiti. Ni kanisa, lakini lina kuba, matao ya Kiarabu, vinara viwili, na kuta nyeupe. Msalaba juu ndio unaokurudisha. Mchoraji wake, John Sinclair, alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza aliyesomea usanifu majengo, na baadaye aliendeleza mtindo huohuo Zanzibar kwa Mahakama Kuu na lile jengo la makumbusho la Beit el Amani. Wazungu wa wakati wake walikuwa na desturi ya kuwavisha watu wa pwani mavazi ya pwani ya kufikirika, na kwa sehemu kanisa hili ni tunda la desturi hiyo. Hata hivyo limepata bahati. Mji wenye misikiti mingi kiasi hiki haukulazimika kulizoea. Lilionekana la kwao tangu siku ya kwanza. Nadhani Sinclair alipatia kuliko alivyokusudia.

Sasa tuvuke upande wa pili wa kisiwa, tuteremke hadi Mbaraki, nyuma ya maghala, si mbali na feri ya Likoni. Hapa hapana kituo cha matatu wala kadi ya posta. Kuna mnara wa mawe ya matumbawe, wa duara, unaonenepa chini na kuchongoka juu, umeinama kidogo kana kwamba umechoka kusikiliza magari ya mizigo. Una urefu wa mita nane hivi. Pwani yetu haikosi minara ya namna hii. Makaburi yenye nguzo yapo Malindi, Gede, Mnarani, Kaole na Kunduchi. Ndiyo maana kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba huu wa Mbaraki nao ni kaburi, la mkubwa mmoja wa Wachangamwe, moja ya yale Mataifa Matatu ya Mombasa.

Lakini nguzo za makaburi ni za kujaa, na huu una uwazi ndani, na mlango mdogo wa kupenyea. Kaburi halihitaji mlango. Mwanaakiolojia Hamo Sassoon, aliyechimba hapo katika miaka ya 1970 na kuchapisha matokeo mwaka 1982, alikuta pembeni yake mabaki ya msikiti wa karne ya 15. Msikiti huo uliachwa katika karne iliyofuata, zama ambazo Mombasa ilichomwa na Wareno zaidi ya mara moja. Mnara, kwa maelezo yake, ni mdogo sana kwa umri: umejengwa kama mwaka 1700, msikiti ukiwa umeshakuwa gofu. Na haukujengwa kwa ajili ya maiti. Ulijengwa kuwa nyumba ya mzimu.

Hapa wapo wasomaji watakaokunja uso. Mji wa Kiislamu, mahali pa msikiti, nyumba ya mzimu? Lakini aliyekulia pwani anajua kwamba mambo haya yamekaa pamoja siku nyingi kuliko tunavyopenda kuyasema mbele ya wageni. Gofu la msikiti ni mahali palipokwisha kusaliwa, pana baraka, kinachobaki ni nani atakayeitumia na kwa ajili gani. Mwenye kukosa mtoto, mwenye mgonjwa asiyepona, mwenye chombo kilichochelewa kurudi: hao hawakungoja fatwa. Walikuja na chupa ya marashi ya waridi, ubani na kitambaa. Inama kwenye kile kimlango uchungulie. Mawe ya ndani ni meusi kwa moshi, weusi wa moshi wa uvumba uliorudiwa vizazi kwa vizazi, na chini yake hukosi kuona chupa ndogo ya marashi. Serikali imeuweka mnara katika orodha ya majengo ya taifa ya kuhifadhiwa. Orodha hiyo inaulinda dhidi ya tingatinga, nayo ni kazi ya maana katika eneo la maghala, lakini kwa muda mrefu zaidi ulilindwa na hofu ya watu kuuvunja.

Ngome ya Yesu yenyewe siisimulii. Imesimuliwa vya kutosha, tangu Mtaliano Giovanni Battista Cairati alipoichora na Wareno wakaanza kuijenga mwaka 1593, hadi UNESCO kuitia katika urithi wa dunia mwaka 2011. Nitasema tu kwamba kati ya 1895 na 1958 ilikuwa jela, na wako wazee Mombasa ambao kwao kuta zile ni za wafungwa, si za Wareno. Kinachonivuta mimi pale ni mizinga miwili isiyo ya Wareno wala ya Waarabu.

Mmoja ni wa manowari ya Uingereza iitwayo Pegasus. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imesimama bandarini Zanzibar ikitengenezwa mitambo yake, haiwezi kukimbia wala kugeuka. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyotoka kujificha katika delta ya Rufiji, ikajitokeza ikaipiga kwa mbali, mizinga ya Pegasus isiifikie. Ikazama baadaye siku hiyohiyo. Zaidi ya mabaharia 30 walikufa, na makaburi yao yapo kisiwani Chapwani. Wajerumani wakarudi Rufiji, wakazingirwa humo miezi mingi kati ya mikoko, mbu na homa, hadi Waingereza walipoleta meli bapa mbili zenye uwezo wa kuingia majini mafupi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamizwa.

Lakini mizinga ya meli zote mbili iligoma kufa na meli zake. Ya Pegasus iliopolewa. Ya Königsberg, yote 10, ilitolewa matopeni Rufiji, ikapelekwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu na kukabidhiwa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Kwa miaka iliyofuata mizinga ya baharini ikapigana porini, ikiburutwa na watu. Neno watu hapa lina uzito wake. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita ile, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Hatimaye mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg ikaletwa Ngome ya Yesu, mahasimu wa Zanzibar wakawa majirani. Watoto wa shule hupanda juu yake kupigwa picha, na ukiwauliza upi ulimzamisha mwenzake hawajui, wala hawaulizi.

Wapagazi na askari wenyewe wana kumbukumbu yao upande wa Mwembe Tayari, Jomo Kenyatta Avenue: sanamu ya shaba, kazi ya James Alexander Stevenson, ya mwaka 1927, ndugu wa zile za Nairobi na Dar es Salaam. Ile ya Dar imeupa mji kitovu chake. Ya Mombasa imezungukwa na wauza mitumba na mabasi ya bara, na haipewi heshima hiyo, jambo ambalo naliona ni hasara.

Kuna alama ndogo hata kuliko hizo. Karibu na bandari ya zamani, jirani na nyumba ya Leven, ngazi zimechongwa kwenye mwamba kuteremka hadi majini. Jina ni la meli ya Uingereza, Leven, ya Kapteni William Owen. Februari 1824 Mazrui wa Mombasa, wakimhofu Seyyid Said wa Oman, walimwomba Owen awatundikie bendera yake. Akakubali bila kuwauliza wakubwa wake London. Akamwacha Luteni Reitz kuwa gavana. Reitz akafa kwa homa kabla ya miezi minne kwisha. Akafuata Luteni Emery, na yeye ndiye aliyezisimamia ngazi. London ikaukataa mpango wote, na kufikia katikati ya 1826 Waingereza walikuwa wameondoka. Miaka miwili na miezi mitano, basi. Wakaacha ngazi, na jina la marehemu Reitz ambalo hadi sasa limeganda kwenye ghuba, mtaa na hospitali. Sijui gavana mwingine aliyetawala muda mfupi hivyo akatajwa muda mrefu hivyo.

Zipo pia alama zilizopotea, na moja yastahili kutajwa. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoongozwa na Sir William Mackinnon, ilianza kujenga reli kutoka pwani kwenda ziwani. Ilikuwa nyembamba, kipimo cha futi mbili, na ilipewa jina kubwa: Central African Railway. Ilifika maili saba. Fedha zikaisha. Vyuma vile vikang'olewa na kuletwa kisiwani, vikalazwa barabarani, na juu yake vikawekwa vigari vidogo vyenye kibanda cha turubai. Hapakuwa na mvuke wala farasi. Watu walisukuma. Kila mkubwa wa serikali na kila kampuni ya maana ilikuwa na toroli yake na wasukumaji wake, wamevalishwa sare, na reli za pembeni zilichepuka hadi uani mwa bwana. Asubuhi vijana wawili au wanne walimkimbiza karani wa Kizungu ofisini, wakimpandisha mlima kwa jasho na kumteremsha kwa kudandia nyuma. Ndivyo reli ya kwenda Afrika ya Kati ilivyoishia kuwapeleka watu Kilindini. Magari ya mafuta yaliifuta katika miaka ya 1920.

Daraja la zamani la Nyali nalo limefutika. Lilifunguliwa mwaka 1931, nalo lilielea: maboya makubwa ya chuma yamepangwa kutoka kisiwani hadi bara, barabara imelazwa juu, na kila apitaye analipa. Maji yakijaa lilipanda, yakitoka lilishuka, na mwenye mkokoteni alijua saa ya kuvuka kwa mteremko wa njia. Mwaka 1980 daraja la zege lililojengwa na Wajapani likachukua nafasi yake, na daraja la kuelea likawa kichekesho cha enzi za ukoloni. Kichekesho hicho kilirudi. Mwanzoni mwa 2021 wapita kwa miguu walifunguliwa daraja la kuelea la Liwatoni, lenye urefu unaozidi kilomita moja, lililojengwa kwa haraka wakati wa korona ili kupunguza msongamano wa feri ya Likoni.

Jengo ambalo wengi huliona kila siku bila kulidhania ni Shule ya Sekondari ya Allidina Visram. Visram mwenyewe aliondoka Kutch akiwa mtoto, akajenga mlolongo wa maduka kutoka pwani hadi Uganda na mbele yake, akafariki mwaka 1916. Shule ilijengwa kwa fedha za familia yake. Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo kwa ndege, Jeshi la Majini la Uingereza liliwahamisha wataalamu wake wa kuvunja mawasiliano ya siri hadi Mombasa, likaitwaa shule hii na kuiita HMS Alidina, kama vile ni manowari. Kwenye madarasa ya watoto, katika joto la Kilindini, watu waliosomea Kijapani walikaa kuzipangua tarakimu zilizonaswa hewani. Mwaka uleule waliivunja JN-40, msimbo wa meli za mizigo za Kijapani, na kuanzia hapo safari za meli hizo zikawa zinasomwa Mombasa. Septemba 1943 wakarudi Colombo. Wanafunzi wakarudi darasani. Na kwa miongo kadhaa hakuna aliyesema neno, kwani wote walikuwa wamekula kiapo.

Visram ana sanamu yake katika bustani ya Treasury Square, hatua chache kutoka kanisa la Hannington. Hapo zamani bustani hiyo ilikuwa na mwenyeji mwingine: William Mackinnon, yule mwenye kampuni ya reli ya maili saba. Wachuuzi hawakumpa kazi, matatu hazikuita jina lake, hapakuwa na aliyemchomea ubani. Uhuru ulipokuja akateremshwa kwenye jukwaa lake, akapakiwa melini, akapelekwa Uskoti, katika Shule ya Keil iliyotokana na mali aliyoiacha. Shule hiyo nayo ilifungwa mwaka 2000.